Kaka Yangu Aliingia Nyumbani kwa Viza

Kaka yangu alizaliwa Dilala, mtaa wa mji wa Kolwezi, katika nyumba ya matofali ambayo baba alipewa na kampuni ya migodi alipokuwa fundi wa mashine. Mama na mimi bado tunaishi humo. Alipokuwa kijana wa sekondari, baba mdogo aliyekuwa Ulaya alimchukua akasome huko. Alisoma, akapata kazi, akapata na uraia, na kwa kuwa nchi yetu haikubali mtu ashike uraia wa pande mbili, alipopata ule alipoteza huu. Kwa hiyo alipokuja kurudi, akiwa mtu mzima mwenye mvi kidogo pembeni mwa kichwa, ilimbidi aombe viza kama mgeni mwingine yeyote. Mama hakulielewa jambo hilo. Aliniuliza mara kwa mara kama viza ile ilikuwa ya kuingilia Kongo au ya kuingilia nyumbani kwake.

Kampuni yake ilimtuma kukagua pampu zinazotoa maji kwenye mashimo ya shaba ya eneo la migodi liitwalo Mashamba. Kazi ya siku chache tu. Mama alipopata habari alipaka chokaa chumba cha nyuma, akanunua godoro, akaniagiza niondoe vitabu vyangu vya shule vilivyokuwa vimejaa humo, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kila mahali nilipo pana makaratasi. Nilikuwa bado naviondoa kaka aliponipigia simu. Alinipigia mimi, hakumpigia mama, na hapo hapo nikajua kuna neno.

Alisema hataruhusiwa kulala nyumbani. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile ambazo kampuni yake inazihesabu kuwa za hatari kubwa, na kila anayetumwa huku lazima kwanza afundishwe. Walikuwa wamemfundisha namna ya kukaa ndani ya gari, namna ya kuzuia damu, namna ya kuongea na watu wakimteka. Walimtaka pia aandike maswali ambayo majibu yake anayajua yeye peke yake, ili siku akishikwa na watu wabaya, kampuni iulize maswali hayo na kujua kama bado yuko hai. Swali moja aliloandika lilihusu jina la mbwa wetu wa utotoni. Alitaka kujua kutoka kwangu jina lile linaandikwaje.

Nilicheka, nikamtajia herufi moja moja. Nilipokata simu kicheko kilikwisha. Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwa adabu kwamba nyumba yake inanuka. Nilikwenda kwa mama nikamwambia kaka atalala hotelini kwa sababu kazi yake inaanza alfajiri sana. Mama aliliangalia godoro lile jipya, akasema labda siku ya mwisho atalala hapa.

Siwezi kusema kaka alikuwa anadanganya. Nafundisha watoto ambao kila asubuhi nawaambia wasitembee kandokando ya malori. Mtaani kwetu simu hunyang'anywa na watu wa moto, yaani pikipiki, na jua likizama kila mtu anafunga mlango wake. Tunaishi na hatari hizo kama unavyoishi na jirani mkorofi: tunajua saa zake, tunajua wapi pa kupita. Lakini mtu wa mbali akizitaja, tena mtu wa nyumbani mwako, unaona kama amekuvua nguo.

Alikuja kutuona kwa gari jeupe, pamoja na dereva na polisi mwenye bunduki. Majirani walitoka nje. Mama naye alitoka, amevaa kitenge kipya, mikono ameshaifungua tayari. Polisi ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alimsalimu mama vizuri, akamwomba ruhusa, kisha akaingia ndani, akachungulia vyumba, akazunguka nyuma jikoni. Mama alisimama kando ya mlango wake akingoja, mikono imeshuka. Ndipo kaka alipofunguliwa mlango wa gari. Walikumbatiana wakalia wote wawili, na kwa muda ule nilisahau mambo mengine yote.

Kisha tukakaa mezani. Mama alikuwa amesonga bukari, ugali wetu, akapika sombe ya majani ya mihogo na samaki wa mto Lualaba. Kaka alikula bukari kidogo na mboga kidogo, maji akanywa ya chupa aliyokuja nayo. Alikuwa na mkoba mwekundu ambao hakuuacha ndani ya gari, na mama alipouliza una nini, aliufungua akatuonyesha: glovu, bandeji, mkanda wa kukazia mkono au mguu unaovuja damu, dawa za kuhara, tochi. Nikamuuliza kama humo ndani ilikuwemo pia dawa ya kumkinga na mama yake. Aliinamisha macho akafunga mkoba. Kabla giza halijaingia dereva alibisha, na kaka akaondoka.

Kesho yake, bombani, jirani mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kaka yangu alikuwa amefanya kosa gani. Nilimwambia hakufanya kosa, amekuwa mkubwa kazini, wakubwa wanalindwa. Alisema aa, akainua ndoo yake. Niliona hakuniamini, na nilitembea mpaka nyumbani nikiangalia chini.

Mama hakuomba kitu ila kimoja: kaka akaone kaburi la baba. Baba amezikwa Fungurume, kwa ndugu zake waliohamia huko mji ulipokua. Kaka aliomba ruhusa kwa wakubwa wake, ikakaa, ikaja na masharti. Tusafiri mchana tu, kwa gari la kampuni, pamoja na polisi, na turudi kabla ya jioni. Asubuhi ya safari alitusimamisha kando ya gari akatueleza. Mikanda tufunge, vioo vibaki juu, milango ibaki imefungwa. Tusipige picha mgodi wala askari. Simu zetu zote ziwe zimejaa umeme. Kila tunapofika mahali atatuma ujumbe kwa mtu wa usalama wa kampuni. Tukikutana na fujo tusishuke kuangalia, na tukipotezana tukutane kituo cha mafuta ambacho alimwonyesha dereva kwenye ramani. Mama aliitikia kila neno kama mtoto wa darasa la kwanza. Kaka alipomwambia kadi yake ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, asiiweke kwenye mkoba bali mwilini, mama aligeuka nyuma akaisunda kifuani.

Kule makaburini mambo yalikwenda vizuri. Kaka aling'oa majani kwa mikono yake. Mama aliongea na baba, akamwambia mtoto amerudi, amekuwa mwanaume, ana mvi kama zako. Polisi alivua kofia. Tulikunywa maji, tukapanda gari, na mama akasema sasa anaweza hata kufa. Kaka akamkataza kusema hivyo.

Tulikuwa tumeshatoka mbali na Fungurume malori yaliposimama mbele yetu. Pale barabarani malori ni kawaida kusimama, yanabeba shaba kwenda mpakani na foleni zake hazina mwisho. Lakini madereva walikuwa wanashuka na kukimbilia nyuma. Mmoja alimwambia dereva wetu kwamba lori limegonga pikipiki iliyobeba vijana wawili waliokuwa wakienda kuchimba. Mmoja amekufa. Wenzake walikuwa wametoka kwenye mashimo, wamefunga barabara, wanachoma matairi. Nyuma yetu lori jingine lilikuwa limeshatubana. Hatukuweza kwenda mbele wala kurudi.

Kaka hakupiga kelele. Alimwambia dereva asizime injini, akatuambia tuinamishe vichwa, akampigia simu mtu wa usalama na kumweleza mahali tulipo kwa maneno machache, kana kwamba anasoma. Vijana walipita kati ya magari wakirushia lori lililokuwa kando yetu mawe. Jiwe moja lilidunda kwenye bati la lori likaingia kwetu kwa dirisha la mama.

Kioo kilimchana mkono, kuanzia chini ya kiwiko. Damu ilikuwa nyingi, ikalowesha kitenge. Mimi nilishika kichwa changu tu. Kaka aliruka kutoka kiti cha mbele akaja nyuma, akavaa glovu, akakandamiza kitambaa juu ya jeraha, akaunyanyua mkono wangu akauweka pale na kuniambia nibane bila kuachia. Alitazama kama kipande cha kioo kimebaki, akafunga bandeji, akauinua mkono wa mama juu ya bega langu. Alikuwa anaongea naye muda wote, polepole, kwa Kiswahili chake kilichochakaa. Damu ilikatika. Nilikumbuka yale niliyomwambia mezani juu ya mkoba ule, na nikatamani asinitazame.

Baada ya muda, magari mawili ya walinzi yalitokea kwa njia ya vumbi inayopita nyuma ya vichaka. Vijana waliyaacha yapite. Hawakuwa na ugomvi nayo. Mkuu wa walinzi alikuja mpaka mlangoni, akauliza jina la kaka, akalilinganisha na lililokuwa kwenye simu yake. Kisha akasema ametumwa kumchukua mtu mmoja.

Kaka alimwambia huyu ni mama yangu na huyu ni mdogo wangu, na mama ameumia. Yule mkuu hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu, akaeleza, kisha akampa kaka simu aongee mwenyewe. Nilisikia upande mmoja tu wa maongezi, kwa Kifaransa. Alisema ndiyo, ni mama yangu. Alisema hapana, si wafanyakazi. Alisema jeraha limefungwa, damu imesimama. Halafu akasema naelewa. Akasikiliza, akasema tena naelewa. Simu ikakatika, naye akabaki ameishika sikioni.

Aliniangalia. Sijui uso wangu ulimwambia nini. Mama ndiye aliyemwondolea mzigo.

"Enda, tata," alimwambia. Mama humwita hivyo, yaani baba, tangu utoto, kwa heshima ya babu yetu. "Batakufukuza ku kazi. Mi niko muzuri, damu imekatika. Enda."

Kaka alipiga magoti pale kwenye sakafu ya gari akafungua fundo la bandeji, ambalo halikuwa limelegea, akalifunga upya. Aliniachia mkoba na chupa zote za maji. Alimwagiza dereva asituache. Kisha akashuka. Polisi naye alishuka akamfuata, kwa sababu yeye alilipwa kumlinda kaka, hakulipwa kutulinda sisi. Walipanda gari lenye vioo vyeusi, kwa hiyo sijui kama aligeuka kutuangalia.

Yote hayo yalitokea mchana kweupe, mbele ya watu. Madereva wa malori waliona. Vijana wenye mawe mkononi waliona. Kuna mmoja alikuwa amesimama karibu kabisa na gari letu, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na magari yale yalipoondoka alitazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanavaa. Nilitamani atutukane. Ingekuwa nafuu.

Mwanamke mmoja anayeuza makaa kando ya barabara alitupungia mkono twende kwake, mbali na mawe. Dereva alifunga gari, tukamshika mama tukavuka. Uwanja wa nyumba yake ulikuwa umefagiliwa, magunia ya makaa yamepangwa ukutani. Alimkalisha mama juu ya gunia tupu alilolikunja, akamletea maji ya kunawa damu, akamtazama vizuri yeye na bandeji yake. Alikuwa ameona kila kitu kutoka pale alipokaa.

"Ule mwanaume mwenye alienda na bile bimotoka," alimuuliza mama, "njo nani kwenu?" Alitaka kujua yule aliyeondoka na magari ni nani wetu.

Mama alikuwa ananawa vidole. Hakuinua kichwa.

"Njo mugeni," alisema. "Tulikuwa tunamuonyesha njia."

Yule mwanamke aliitikia kwa kichwa. Alisema wageni wako hivyo, wanaogopa. Mama akasema ndiyo, wanaogopa. Dereva alikuwa amesimama kando, anaangalia viatu vyake. Nilipaswa kusema neno. Nilipaswa kusema huyo ni mtoto wake wa kwanza, asubuhi hii ameng'oa majani kwenye kaburi la baba yake kwa mikono yake. Nilifungua mkoba mwekundu nikajifanya natafuta kitu ndani yake.

Barabara ilifunguliwa jua likielekea kushuka, baada ya wakubwa wa eneo kuja kuongea na jamaa za marehemu na maiti kuchukuliwa. Tulirudi Kolwezi upepo na vumbi vikiingia kwa dirisha lililovunjika. Mama alifunga macho nikadhani amelala. Tulipokaribia Dilala aliongea bila kuyafungua. Aliniambia nisimwambie kaka alichosema kule kwa mwanamke wa makaa. Sijamwambia mpaka leo. Kwa majirani waliokuja kuangalia mkono, mama alisema ndege ya mtoto wake ilikuwa inamngoja, ikabidi akimbie. Walisema pole, na wengine walikaa wakanywa chai. Mimi niliosha kitenge chenye damu.

Kaka alipiga simu jioni ile ile kutoka hotelini. Mama aliongea naye kwa uchangamfu, akamuuliza kama amekula. Kesho yake walimpeleka Lubumbashi kwa ndege, na kutoka huko akaondoka. Baadaye aliniambia kwamba kampuni ilifanya kikao juu ya tukio lile na kusema kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa. Aliyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

Kabla ya maongezi hayo nilikuwa sipokei simu zake. Simu ilikuwa inaita, naiangalia, inanyamaza. Siku moja alinipata shuleni, wakati wa mapumziko, watoto wakipiga kelele uwanjani, na nilikuwa nimeshika simu kwa kazi nyingine nikapokea bila kuangalia. Hakujitetea. Alisema mawe hayakumtia hofu, alikuwa amejiandaa kwa mawe. "Niliogopa ile sauti ya kwenye simu," alisema. "Hakuna aliyenifundisha kusema hapana."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyaweka kwa ajili yake tangu siku ile. Nilipotaka kuyasema niliona jinsi nami nilivyokaa kwenye uwanja ule wa makaa bila kufungua mdomo, ingawa mimi hakuna aliyenizuia. Nikamwambia muuguzi wa zahanati nilikompeleka mama aliisifu bandeji yake. Ilikuwa kweli. Alilia, nami nikamwacha alie.

Sasa anataka kuja kwa likizo yake mwenyewe, bila kampuni. Amekuwa akiniuliza nini cha kuandaa, ananiuliza mimi na si ofisi, na mwanzoni nilijivuna. Nilimwambia afike Lubumbashi asubuhi na asisafiri kwa basi la usiku. Nilimwambia aniachie nakala za pasi na viza, ajiandikishe kwenye ubalozi wake, asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, alete dawa za malaria, asishike kamera barabarani, na ajifunze tena kusalimia vizuri kwenye vizuizi, maana salamu nzuri hufungua njia nyingi. Nilipomaliza niliona kwamba karibu yote niliyomwambia yalikuwa ni yale yale ya kampuni yake. Nilimwongezea moja tu: akiwa nasi ndani ya gari, mpango wowote wa kutoka uhesabu watu wote waliomo. Akasema hilo ameshalifikiria kabla yangu.

Kiangazi hiki alinipigia kuuliza kama anaweza kuja mwezi ujao. Tiketi alikuwa ameshaiona. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, na mama alikuwa amekaa uani anachambua maharage. Wiki ile wachimbaji na askari walikuwa wamegombana tena upande wa Mashamba, njia ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, na shuleni kwetu wazazi wengine walikuwa wamebaki na watoto nyumbani. Ningeweza kumwambia njoo. Nilitaka sana kumwambia njoo. Nikamwambia asije kwanza. Nilimweleza sababu moja baada ya nyingine kwa sauti tulivu, na nilivyokuwa naeleza masikio yangu yalipata moto, kwa sababu nilikuwa naufunga mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Mama aliuliza amesema nini. Nikamwambia atakuja baadaye, hali ikitulia.

"Yeye njo alikataa?"

"Hapana, mama. Ni mi nilimukataza."

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa, akatafuta jingine.

"Umefanya muzuri," alisema. Lakini hakuniangalia, na baada ya muda kidogo alilivuta beseni lake akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba, ambako kulikuwa bado na kivuli.